Kulia Makumi, Kushoto Mamoja

"Mama Joy, huyo si wako anakuja?"

Lornah hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika uzi wa rasta kwa meno na nywele za mteja kwa vidole, na katika saluni yake ya mabati pale Kabiria, ukiacha msuko katikati mstari unapinda. "Wangu ako shule," alisema huku meno yamebana uzi.

"Basi leo shule imemtoroka," akajibu mteja, na wanawake waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu wakacheka.

Alikuwa Joyline kweli, msichana wa Gredi ya Sita, begi mgongoni, saa nne asubuhi. Hakuwa analia. Alisimama mlangoni akasema kama mtu anayepeleka ujumbe usiomhusu: "Mwalimu mkuu amesema nisirudi bila Baba. Amesema niliuza majibu ya hesabu."

"Uliuza? Bei gani?" mteja akageuka na kichwa chake cha nusu rasta.

"Wewe tulia, utaniharibia laini," Lornah akamrudisha kwa mkono. "Joy, sema vizuri. Uliuzia nani?"

Mtoto akaeleza. Kulikuwa na mtihani wa majaribio, na msimamizi alitoka shule nyingine. Msimamizi alisikia miguu ikigonga sakafu chini ya dawati la Joyline, akamkemea, miguu ikanyamaza kidogo, ikaanza tena. Karatasi ziliposahihishwa, watoto wote waliokaa karibu naye walikuwa na majibu yaleyale. "Hata makosa," alisema Joyline. "Pale nilikosea, Shiru pia alikosea hivyohivyo."

"Kwa hivyo ulimwonyesha Shiru."

"Sikumwonyesha, Mama. Alisikia."

Mtu asiyekijua kisa hicho angeona mtoto anajitetea kijinga. Lakini mradi ulikuwa umekuja katika shule yao ya Waithaka, mradi wa kufundisha hesabu kwa ngoma, na mwalimu mmoja kijana, Kavutha, akawatoa watoto nje, akawachezesha. Kila jedwali la kuzidisha lilikuwa na mchezo wake. La saba lilikuwa na mruko, la tisa mtoto anageuka akiwa njiani. Mwisho wa kila mchezo unakanyaga jibu: mguu wa kulia makumi, mguu wa kushoto mamoja. Watoto waliokuwa wakilia wakiona hesabu walianza kuzicheza njiani wakienda kuteka maji. Kisha mradi ukaondoka, na Kavutha akaondoka nao, na watoto wakabaki na miguu yao. Shiru alifundishwa uwanja uleule. Kwake, kusikia visigino vya Joyline kulikuwa sawa na kusomewa jibu.

"Saba mara nane?" Lornah akauliza.

Bega la Joyline likashuka, kiuno kikaenda kidogo, kisigino cha kulia kikagonga mara tano, kisha cha kushoto kikapokea na sita. "Hamsini na sita."

"Sasa nane mara tisa. Lakini usitingize mguu."

Joyline akasimama wima. Akaangalia kioo, akaangalia kalenda ya kanisa ukutani. Benchi zima likawa linamngoja.

"Bila miguu siijui, Mama."

"Ai!" akasema mteja. "Kwa hivyo ukivunjika mguu, hesabu nayo imevunjika?"

Walicheka sana. Hata Lornah alicheka, kisha akamwona mtoto wake anaangalia chini, akauma uzi tena akaendelea kusuka.

*

Nashon Omollo, babake Joyline, alifanya kazi Ngara, katika duka la jumla la sufuria la mzee Bhagwanji. Alipanga mizigo, akateremsha, akapandisha, na mteja akitaka kuona sufuria kubwa kabisa ya harusi ni Nashon aliyepanda ngazi.

"Mzee, naomba ruhusa kesho asubuhi. Nimeitwa shule."

"Mwezi jana ilikuwa matanga, mwezi huu ni shule," Bhagwanji alisema bila kuacha kuandika risiti. "Nashon, mimi ndio nimekuandika ama watu wako ndio wamekuandika?"

Mkewe, Sushila, akamkatiza akiwa kwenye kaunta. "Mwache aende. Mtoto amefanya nini?"

"Amecheza kwa mtihani, Mama."

"Amecheza?"

"Kwa miguu. Ndivyo walifundishwa kuhesabu."

Bhagwanji akaweka kalamu chini. "Sisi tulifundishwa kwa rula. Nikipiga hesabu mpaka leo kidole kinauma." Akacheka peke yake. "Enda. Lakini ya kesho silipi."

Shuleni Nashon aliketishwa kwenye benchi nje ya ofisi, kando ya ndoo ya maji na mtoto aliyetapika. Aliona walimu wakiingia na kutoka, aliona chai ikipelekwa ndani na vikombe vikitoka vitupu. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Kufikia wakati alipoitwa, shati lilikuwa limelowa kwapani, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga toka Kabiria yalikuwa yamemtoka.

"Baba Joyline, mtoto wako ni mjanja," alisema mwalimu mkuu, Bibi Mukonyo. Hakuwa mwanamke mkali. Alisema kwa upole, kama daktari. "Ametengeneza njia ya kupeana majibu kwa sauti ya miguu. Sijawahi kuona."

"Madam, hakutengeneza yeye. Alifundishwa hapahapa."

"Hapa tunafundisha kwa ubao na kitabu."

"Na ule mradi? Si mlichora namba hapo nje kwa rangi? Bado ziko, nimezikanyaga nikiingia."

"Mradi uliisha."

"Madam, pole nikisema hivi, lakini siku wageni walikuja na kamera, wewe ndio ulikuwa mbele. Ulicheza jedwali la tano. Niliona kwa macho yangu, ulikuwa na kofia."

Bibi Mukonyo akasogeza kikombe chake. "Siku hiyo ilikuwa ya wageni," alisema.

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyojibu. Siku ya wageni mtoto ni nyota, siku ya mtihani mtoto yuleyule ni mhalifu, na mkubwa ni mmoja, ofisi ni moja, kiti hakijabadilishwa hata mto.

"Wiki ijayo ni mtihani wenyewe," aliendelea mwalimu mkuu. "Asipoufanya, hana kitu cha kuingia nacho Gredi ya Saba. Sitaki kumharibia. Lakini siwezi kumweka kwa chumba halafu wakubwa wangu waseme shule yangu ni ya wizi. Chagua. Asimame paredi, akiri mbele ya shule, aombe msamaha. Ama uniletee mtu wa huo mradi aniambie kwa mdomo wake kwamba hiyo ni njia ya kuhesabu, sio ya kuiba. Akisema, nitamweka Joyline chumba cha peke yake, acheze vile anataka."

"Nikileta mtu, hatasimama paredi?"

"Ukileta mtu, yamekwisha."

Nashon alitoka akiwa karibu na furaha. Kumtafuta mtu ni kazi aliyoweza.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa katikati ya jiji, katika jengo la lifti na sakafu inayong'aa hata unaogopa kuikanyaga. Nashon alimchukua Joyline, akiwa na sare yake safi, ili wamwone kwa macho. Askari wa mlangoni aliwaandika, akawaambia wangoje, na walipongoja Joyline akamvuta babake shati.

"Baba. Mimi huyo."

Ukutani, ndani ya fremu kubwa kuliko mlango wa nyumba yao, alikuwa Joyline hewani. Sketi inapepea, mdomo wazi, miguu yote miwili imeacha ardhi. Meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba picha hiyo ipo.

"Kumbe ni wewe!" askari akachangamka. "Kila siku nakuangalia nikikula lanchi. Hebu turukie kidogo, msupa."

Joyline akamwangalia babake. Nashon akatikisa kichwa kwamba hapana.

Aliyewapokea aliitwa Reshma, dada wa makamo, sauti ya chini, miwani juu ya nywele. Alimshika Joyline mkono kwa mikono yake miwili. Alimkumbuka, hata jina. Aliwakaribisha viti, akawaitishia maji ya chupa, akasikiliza kila kitu mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomchanganya Nashon baadaye. Hakupata mtu wa kumchukia.

"Alikuwa aache miguu," Reshma alisema polepole. "Ndivyo ilipangwa. Mwaka wa kwanza mtoto anacheza na mwili mzima, uwanjani. Mwaka wa pili anakaa kwa dawati, anagonga na miguu tu. Mwaka wa tatu mwalimu anaondoa miguu kidogokidogo, mpaka mchezo unabaki kichwani. Mtu hawezi kuuona wala kuusikia."

"Na mwaka wa tatu?"

"Mfadhili alibadilisha mwelekeo. Pesa haikufika mwaka wa tatu."

"Kwa hivyo mliiacha kwa miguu."

Reshma akashusha miwani machoni. "Tuliandika ripoti," alisema.

"Ripoti ilisema nini?"

"Ilisema watoto walifanya vizuri. Na walifanya vizuri, Baba Joyline. Si ni kweli?"

"Dada, mtu akikuwekea ngazi ukapanda, halafu akaitoa ukiwa juu kwa paa, utasema amekusaidia kupanda?" Nashon aliona sauti yake imepanda, akaishusha. "Sikuja kugombana. Njoo tu umwambie mwalimu mkuu hayo maneno umeniambia. Dakika chache. Waithaka si mbali."

"Siwezi kuingia shule bila kibali. Kibali chetu kiliisha na mradi. Nikija tu hivyo, wataniuliza nimekuja kama nani."

"Kama mtu aliyemfundisha."

"Mimi sikufundisha. Alikuwa Kavutha, na Kavutha alikuwa wa kandarasi. Kwa sasa sijui ako wapi." Akatazama dirisha. "Tuko na mradi mwingine sasa, kaunti nyingine. Wa tableti."

Kisha akainuka, akaingia chumba cha ndani, na Nashon akadhani ameenda kumwita mkubwa wake. Akarudi na fulana ya njano, saizi ya mtu mzima, imeandikwa HESABU NI NGOMA. Akampa Joyline.

"Sema asante," Nashon akamwambia mtoto, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kusema.

*

"Asimame aseme pole, yaishe," alisema Lornah jioni hiyo. Alikuwa anasonga ugali, na kila neno lilishuka pamoja na mwiko. "Umeenda shule, umeenda mjini, umekosa siku mbili kwa Bhagwanji, na umeleta fulana. Pole inagharimu nini?"

"Inagharimu yeye kuitwa mwizi mbele ya shule nzima."

"Sasa unataka gani, mwizi ako Gredi ya Saba, ama msafi ako na mimi saluni anafagia nywele?"

"Hakuiba, Lornah!"

"Mimi najua! Unanipigia kelele kwani ni mimi Mukonyo? Ukiwa kwake ulikuwa unasema madam, madam."

Nashon akainama kuvua viatu. Ilikuwa kweli, na alijua Lornah amejutia kuisema kabla haijamaliza kutoka.

Walijaribu lingine. Nashon aliketi mbele ya mtoto akamwambia akalie miguu yake, wakariri kwa mdomo kama alivyokariri yeye zamani kabla hajatoka shule. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Joyline alifuata vizuri kama kasuku, lakini babake alipomkatiza katikati, "Saba mara sita?", mabega yakaanza kwenda. Akamshika mabega. Kichwa kikaanza kwenda. Akamshika kichwa, si kwa nguvu, na mtoto akasema kati ya mikono yake, "Baba, ukinishika inapotea."

Nashon akamwachilia. Ugali ukapakuliwa.

"Mnipangie maneno," Joyline alisema hatimaye. "Nitasema nini huko paredi? Niseme niliuza? Sikuuzia mtu."

"Utasema ulitoa majibu," Lornah alisema. "Hiyo si uongo sana. Waliyasikia, si ndio?"

"Waliyasikia."

"Basi."

*

Jumatatu paredi ilikuwa kamili. Bendera ilipanda, sala ikasomwa, na Joyline akaitwa mbele. Nashon aliambiwa asimame naye, mzazi kama shahidi, na watoto wote walikuwa wanaangalia viatu vyake vya kazi.

"Naomba msamaha," Joyline alisema, "kwa sababu nilitoa majibu ya hesabu kwa miguu. Sitarudia."

"Hatusikii huku nyuma!" mtoto mmoja akapiga kelele, na mwingine, mtukutu, akaanza kupiga makofi ule mdundo wa jedwali la saba. Mdundo ukashika safu ya pili, kisha ya tatu. Bibi Mukonyo akanyanyua mkono, ukakatika.

"Sitarudia nini?" akamuuliza Joyline, kwa upole uleule wa daktari.

"Sitarudia kutoa majibu."

"Hapana. Sitarudia nini?"

Joyline akatazama juu kwa babake. Nashon angeweza kusema wakati huo. Alikuwa amepanga mengi njiani. Lakini jina la mtoto lilikuwa bado halijarudishwa kwenye orodha ya chumba cha mtihani, na kalamu ya kulirudisha ilikuwa mfukoni mwa mwanamke huyo. Akamgusa bega, kumwambia aseme.

"Sitarudia kutumia miguu," alisema Joyline.

"Mpigieni makofi," akasema mwalimu mkuu.

*

Siku ya mtihani walimweka mbele kabisa, dawati la peke yake, karibu na meza ya msimamizi. Akaambiwa apandishe miguu kwenye ubao wa chini wa dawati, isiguse sakafu, magoti pamoja. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alipewa maagizo, akayafuata, kama wote katika kisa hiki walivyofuata yao.

Joyline alifungua karatasi. Swali la kwanza lilisema mkulima alipanda mistari minane ya miembe, kila mstari miti tisa. Alilijua. Lilikuwa palepale, lile la kugeuka ukiwa njiani. Lilianza kwenye kisigino kama kawaida, likapanda, likafika kwenye goti lililobanwa na goti jingine, likasimama. Akaliita tena. Msimamizi alikuwa ameketi akiiangalia miguu, karatasi hakuiangalia. Akajaribu kulicheza kwa ulimi nyuma ya meno, lakini ulimi hauna kulia wala kushoto, na makumi yakaingiliana na mamoja. Akajaribu kwa vidole chini ya dawati.

"Mikono juu," msimamizi akasema.

Aliweka mikono juu. Nyuma yake alisikia kalamu za wenzake zikikwaruza, na hata Shiru, ambaye kila siku alimsikiliza yeye, alikuwa akihema kwa shida na kuandika chochote. Dirishani kulikuwa na jua. Joyline alisoma swali la pili, akasoma la tatu, akayapita yote polepole mpaka mwisho wa karatasi, kama mtu anayepita mtaa aliokuwa akiishi na sasa milango yote imefungwa. Kisha akarudi la kwanza. Mwishoni, kwa sababu waliambiwa wasiache mahali patupu, alianza kuweka alama kwenye majibu ya kuchagua, popote mkono ulipoangukia.

Nashon alikuwa langoni na wazazi wengine. Hakuwa ameomba ruhusa kwa Bhagwanji, aliondoka tu. Alikuwa anajiambia kwamba mtoto yuko ndani, kwamba hilo ndilo alilolitaka na hilo ndilo alilolipata, na aliyaona madirisha ya chumba chake kutoka pale, yametulia. Kengele ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani wakikanyaga zile namba za rangi bila kuziona. Joyline hakutoka.

Bibi Mukonyo ndiye aliyekuja langoni mwenyewe, uso umefunguka, akamwita kwa kidole. "Njoo, Baba Joyline, njoo umchukue mtoto wako. Nimetembea vyumba vyote. Hakuna aliyetulia kama yeye."

Chumbani msimamizi alikuwa anafunga karatasi kwa kamba. Joyline alikuwa bado kwenye dawati, magoti pamoja, miguu kwenye ubao, mikono juu ya meza.

"Joy, twende nyumbani. Imeisha."

"Wamesema imeisha?"

Nashon akamgeukia msimamizi. Msimamizi akakaza fundo. "Eeh, aende."

"Umeona?" mwalimu mkuu alisema, akaunyoosha mkono, akaushika wa Nashon, akautikisa. "Mtoto akikazwa kidogo anaweza. Hatukusikia chochote. Hata kisigino! Mwambie mama yake nimempongeza."

"Asante, madam," alisema Nashon.

Joyline alishusha miguu sakafuni, akajaribu kuinuka. Magoti yakakunjika. Babake akamdaka kwa mkono uliokuwa huru kabla hajagonga ukingo wa dawati, na mtoto akaning'inia shatini kwake, uzito wake wote, akitazama chini kama anayetafuta kitu alichoangusha.

"Baba," alisema, "siisikii miguu."

Ule mkono mwingine bado ulikuwa kwa Bibi Mukonyo, na bado alikuwa anautikisa.